Kabla ya kuchomeka kebo ya pulsi, angalia mzigo wa ohmu 50

Mwenye HP 8112A au jenereta nyingine ya pulsi (mashine ya kutoa mapigo mafupi ya umeme) ya miaka ya 1980, sikia hili. Volti unazoandika kwenye mashine zimehesabiwa kwa mzigo wa ohmu 50, yaani kinachopokea pulsi kiwe na ukinzani huo; bila mzigo huo volti huwa karibu maradufu. Ukiweka volti 5 kisha ukachomeka kebo moja kwa moja kwenye chipu ya 74HC (aina ya chipu za kidijitali), ambayo kwa kawaida haivuti mkondo wa maana, jenereta inasukuma karibu volti 10. Chipu inaweza kufa kimyakimya, nawe unabaki kulaumu programu.

Mimi nafunga kiunganishi cha T kwenye oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la volti) na kizibo cha ohmu 50, yaani kipinzani cha kufunga mwisho wa kebo, upande wa pili, nasoma kwanza, ndipo naunga saketi. Bila kizibo huenda ukaona pia ngazi kwenye ukingo wa pulsi: mawimbi yanagonga mwisho wa kebo na kurudi, takriban nanosekunde 5 kwa kila mita, kwenda tu.

Ukiiendesha kwa kompyuta kupitia HP-IB (njia ya HP ya kuunganisha vifaa vya maabara na kompyuta), agizo la kwanza liwe kuzima pato. Panga volti, muda kati ya pulsi na upana wa pulsi, halafu ndipo uwashe. Usiamini mpangilio uliobaki kwenye kumbukumbu tangu jana.