Namna ya kupanga menyu ya nyota na reli isiyompoteza mkulima

Natengeneza zile menyu za simu zinazofunguliwa kwa nyota (*), namba na reli (#), ambazo wakulima wa korosho huku Tandahimba wanaangalizia kilo na malipo yao. Ya kwanza niliiwekea machaguo tisa. Wazee wakifika la sita wameshasahau la pili, wanarudi juu, muda unaisha, menyu inajifunga. Nikadhani simu ndiyo hawajaizoea. Hapana, niliwabebesha mzigo.

Hatua ya 1: Nenda AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, siku ya kupima korosho. Utamkuta mkulima kashika kitochi mkono wa kushoto, kamba ya gunia mkono wa kulia, macho kwenye mizani, sikio kwa karani anayetaja kilo. Menyu yako inapata kipande tu cha umakini wake, tena juani.

Hatua ya 2: Weka machaguo manne, basi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani aliandika kwamba tunashika akilini vitu kama saba kwa mpigo. Mwaka 2001 Nelson Cowan akakadiria vinne hivi. Kwa niliyoyaona ghalani, naenda na vinne.

Hatua ya 3: Namba ikishakaa, usiihamishe. Hapa ndipo nilipomuumiza mtu. Kuna bibi hasomi kabisa. Alikuwa anabonyeza 1, kisha 2, kisha 1, anapata malipo yake. Msimu wa salfa, ile dawa ya mikorosho, ulipokaribia nikaipandisha salfa iwe namba 1. Bibi akabonyeza kama kawaida, akajikuta ameomba mifuko ya salfa, na hela yake haioni. Vidole vyake vilikuwa vimekariri njia, mimi nikaivunja. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi, na namba nikazirudisha siku ileile.

Hatua ya 4: Usimdai akumbuke, mwonyeshe atambue. Namba ya usajili ina tarakimu nyingi. Leta jina lake, yeye akubali. Andika "salfa", usiandike "viuatilifu". Pesa iandike 1,248,500, maana 1248500 inamlazimu ahesabu kwa kidole.

Hatua ya 5: Mpe simu mkulima ambaye hajawahi kuiona menyu hiyo, mwambie atafute malipo yake, kisha nyamaza. Akisita, usimwelekeze. Andika alisita kwenye neno gani, ulibadilishe hilo, halafu umtafute mwingine.