Panya wamekula waya za gari, unga mwenyewe kabla hujauziwa wayaringi nzima

Wakuu habari za jioni. Majuzi jamaa kaniletea Toyota IST yake hapa gereji kwangu Mwanga, Kigoma, inavutwa na kamba, injini inazunguka ila haiwaki, kisa alitoka Kibirizi na magunia mawili ya dagaa akayahifadhi gereji siku tano gari ikiwa pembeni. Panya walifuata dagaa, wakanogewa na waya. Alikopita kwanza kaambiwa anunue wayaringi (fungu lote la waya za gari) nzima ya mtumba, mimi nilikuta waya saba tu. Sasa twende.

Anza na betri, spana namba 10, toa hasi kwanza. Ukianza na chanya alafu spana ikagusa bodi utaona cheche.

Pili usafi, na hapa wengi mnapuuzia. Usipulize wala kufagia uchafu wa panya ukiwa mkavu, mkojo wao unaambukiza homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi 2022. Vaa glavu na barakoa, lowanisha na Jik, sehemu moja kwa maji sehemu kumi, subiri kama dakika kumi ndo ufute na kitambaa, usimwagie kwenye soketi. Fungua na boksi la ea klina (chujio la hewa ya injini), mara nyingi kiota kiko humo.

Tatu, tafuta majeraha YOTE. Panya hali sehemu moja akaridhika, anaonja huku anaonja kule, kwahiyo piga picha kwanza alafu shika tochi angalia juu ya injini kwenye injekta (zinazopuliza mafuta) na koili (za moto wa plagi), nyuma upande wa kioo, chini ya betri. Chana ule mrija wa plastiki unaofunika waya mpaka upite penye alama za meno kama sentimita 10 uone waya mzima. Gari nyingi zinazorudi gereji sio kwamba uungaji ulikua mbaya, ni kwamba kuna waya mmoja ulichunwa kidogo kwa chini na hakuna aliyeugeuza.

Nne kuunga. Mmoja mmoja, rangi kwa rangi, unene ule ule, na uwe waya wa gari wenye nyuzi nyingi sio ule mgumu wa nyumba, huo mtikisiko unauvunja. Ukipungua urefu ongeza kipande, usivute. Vesha mpira wa kusinyaa KWANZA (mimi mpaka leo nasahau nafumua upya), chuna sentimita moja, sokota, pasha moto waya wenyewe mpaka risasi (ile ya kuchomelea waya) iyeyuke juu yake. Asidi ya mafundi bati hapana, inakula shaba. Maungio yasikae usawa mmoja, pishanisha, alafu sinyaza mpira kwa moto wa mbali na umalizie na tepu ya kitambaa. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi tu ni kujidanganya, mvua za Novemba zikianza maji yanaingia shaba inageuka kijani.

Msiguse waya za soketi za njano, hizo za eabegi. Waya za oksijeni sensa usichome risasi. Ukikuta mbili zimesokotana rudisha msokoto ule ule.

Mwisho pima na mita, kila ulipounga isome chini ya omu 1, na mita isilie ukipima waya huo na wa jirani yake. Betri rudisha chanya, hasi mwisho. Fyuzi iliyoungua weka ampia ile ile.

MASWALI

Kaka mi niko Kasulu sina kifaa cha risasi, zile konekta za kubana vipi?
– Zinafaa kaka, ila chukua zenye gundi ndani na ubane na koleo lake, sio kwa meno. Za skrubu za kwenye nyumba usiweke.

Fundi nimeunga zote inawaka ila inamisi (injini inakatakata) na taa ya cheki injini haizimi.
– Chomoa soketi za injekta moja moja upime pini mbili za injekta yenyewe, kwa IST tegemea kama omu 12 hadi 16. Zikiwa sawa rudi kwenye zile picha, huenda umepishanisha waya za koili mbili. Hukupiga picha eeh?

Eti ni kweli waya za siku hizi zina soya ndo maana wanazipenda?
– Dada, watu Marekani wameshafungua mpaka kesi kwa hilo, ila hata gari za zamani zililiwa. Panya meno ya mbele hayaachi kukua, lazima atafune kitu. Honda wanayo tepu ya pilipili ya kuzungushia waya, kama unaipata sawa, ila dagaa na mawese vitoe gereji kwanza.

Nikiweka sumu ndani ya boneti?
– Hapana mkuu, atafia usipofikia alafu utasafiri mpaka Uvinza madirisha wazi. Tega mtego sakafuni karibu na tairi, tairi ndo ngazi yao.