Somo: Kuandika matokeo ya tiba bila kuyatia chumvi

Karibuni. Somo hili ni la wanaofanya mapitio ya tafiti za afya. Mfano wetu ni jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika 2009 hadi 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, vituo vya Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwamo.

Hatua ya 1: Taja muda. Matokeo ya 2011 yalionyesha malaria imepungua kwa takriban nusu ndani ya miezi 12, kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17. Ilikuwa kweli. Lakini walipofuatiliwa kwa miaka minne hivi, ufanisi, yaani kiasi cha visa vya malaria kilichopungua, ulikuwa 36% kwa waliopangiwa dozi 4, na 28% kwa waliopangiwa dozi 3. Ukiandika "inapunguza malaria kwa nusu" ukaishia hapo, umeficha kwamba kinga hufifia.

Hatua ya 2: Taja nani. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 walipata 26% tu, hata kwa dozi 4.

Hatua ya 3: Soma wigo wa uhakika, yaani namba mbili ambazo ufanisi halisi unaelekea kuwa kati yake. Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa malaria kali, watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wa dozi 3, walikuwa na ufanisi wa 1%, wigo ukianzia −23% (malaria kali kuongezeka) hadi 20% (kupungua). Hapo huwezi kudai chanjo ilisaidia, wala kwamba haisaidii kabisa. Wa dozi 4 walipata 32%, wigo 14% hadi 47%. Kwa hiyo sentensi "inakinga malaria kali" isiyotaja dozi ya nne inampotosha mganga wa wilaya anayepanga bajeti, na mama anayejiuliza kama arudi kliniki.

Hatua ya 4: Pima vitenzi. Ushahidi imara: "inapunguza". Wa wastani: "inaelekea kupunguza". Dhaifu: "huenda inapunguza". Kisha upitie upya muhtasari wako kwa vitenzi hivyo, maana ndio unaosomwa na wengi.

Maswali

*Mwalimu, ripoti inasema dozi 4 zilizuia visa 1,774 kwa kila watoto 1,000. Inawezekanaje?*
Mtoto mmoja huugua malaria mara kadhaa katika miaka minne. Andika "visa", usiandike "watoto". Tena taja mahali: Siaya, penye malaria nyingi, visa vilivyozuiwa vilikuwa vingi kuliko Kilifi.

*Tukiandika hivi, wafadhili hawatakimbia?*
Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hii Oktoba 2021, takwimu hizi zikiwa mezani. Palipo na wagonjwa wengi, 36% ni visa vingi vinavyozuiwa, na siku nyingi za watoto kulala bila homa.

*Nimepata muhtasari tu wa utafiti, makala nzima sina. Nifanyeje?*
Waandikie watafiti uwaombe majedwali. Usipojibiwa, eleza wazi kwamba umesoma muhtasari peke yake, na takwimu yake usiiweke kwenye hitimisho.