Sukuma wiki ya kiangazi katika bustani ya nyumbani Tabora

Sukuma wiki ni mboga ya jamii ya kabichi isiyofunga kichwa, na kwa kuwa huchumwa jani baada ya jani, mche uliotunzwa vizuri huendelea kuilisha nyumba kwa miezi mingi. Hapa Tabora mvua hunyesha takriban kati ya Novemba na Aprili, kisha huja kiangazi kirefu ambacho mboga nyingi hukauka, na hapo ndipo mboga hii huonyesha thamani yake. Kwa hiyo ni vyema kitalu kiandaliwe mwezi Machi na miche ihamishiwe bustanini Aprili, ili ijenge mizizi katika ubaridi wa Juni na Julai kabla ya joto kali la Septemba na Oktoba.

Kazi inayostahili muda mwingi kuliko zote ni udongo. Sehemu nyingi za mkoa huu zina ardhi ya kichanga, ambayo hupitisha maji upesi na kuyaacha yaondoke na rutuba, kiasi kwamba mbolea ya dukani ikiwekwa peke yake, sehemu yake kubwa huzama kabla mizizi haijaifikia. Weka nusu debe la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita moja ya mraba, uichanganye na udongo hadi kina cha sentimita 20. Samadi mbichi huunguza mizizi, hivyo isitumike. Ukipata kichuguu kilichohamwa na mchwa, ponda udongo wake na uuchanganye pia, kwa sababu kwa kawaida huwa na mfinyanzi mwingi kuliko mchanga unaouzunguka, nao husaidia kushika maji. Kiangazi, kitanda kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 10 hivi ili maji ya kumwagilia yasitawanyike; masika, tuta liinuliwe.

Kitaluni, sia mbegu kwa mistari, kina cha sentimita 1, na ufunike kwa nyasi ambazo utaziondoa mara tu miche inapochomoza. Baada ya wiki nne hadi tano, miche ikiwa na majani manne hadi sita, ihamishe jioni kwa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari.

Mwagilia asubuhi, kwenye shina. Tandaza nyasi kavu au maganda ya mpunga kuzunguka miche, lakini yasiguse shina, kwani nyasi kavu huvuta mchwa.

Kagua chini ya majani mara kwa mara. Vidukari wachache huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Viwavi wadogo wa kijani huokotwa kwa mkono au hunyunyiziwa maji ya mbegu za mwarobaini, gramu 50 zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha katika lita 1. Kwa kuwa huu ni mkoa wa tumbaku, mtu anaweza kushawishika kunyunyiza maji ya tumbaku, au dawa iliyobaki kutoka shambani kwake. Ninamsihi asifanye hivyo, maana nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na majani haya huchumwa na kupikwa kila baada ya siku chache. Ukiona manjano yanayoingia kutoka ukingoni mwa jani kwa umbo la pembetatu, huo ni uozo mweusi: ng'oa mche huo, uuchome, na kwa misimu inayofuata panda hapo karanga au mchicha badala ya kabichi, chainizi au sukuma wiki nyingine.

Kuchuma huanza wiki sita hadi nane baada ya kuhamisha. Anza na majani ya chini, uyavunje karibu na shina, na uache angalau matano ya juu pamoja na kile kichipukizi cha katikati. Shina likirefuka sana, machipukizi ya pembeni hukatwa na kupandwa kitaluni penye kivuli na unyevu, nayo hutoa mizizi bila kuhitaji kununua mbegu nyingine.