SOMO: Land Cruiser inavuja mguu wa mbele? Pima kwanza, sili baadaye

Swali hili linarudi kila wiki, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Linahusu Land Cruiser 70 na 80 zenye ekseli nzima mbele na boli la chuma nyuma ya tairi. Kama yako ni Prado isiyo na boli hilo, angalia mipira ya shafti, somo hili si lake.

1. Osha boli kwa dizeli, pangusa, endesha siku mbili.

2. Utando mwembamba wa grisi juu ya boli ni kawaida. Majimaji mepesi kwenye kalipa au mpira wa breki ni oili ya breki: usiendeshe.

3. Fungua plagi ya pembe nne juu ya boli, chovya waya. Grisi ikinata, sili ya ndani (mpira unaozuia oili ya difu, yaani ya gia za ekseli, isiingie kwenye boli) nzima. Sili ya nje na felti (pete ya kitambaa inayopangusa boli) ndiyo imechoka. Ikidondoka nyeusi, nyepesi kama urojo, na harufu ya kiberiti, oili ya difu imepenya sili ya ndani.

4. Pima oili ya difu gari likiwa sawasawa. Isiwe chini ya tundu la kujazia kwa zaidi ya mm 5. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

5. Puliza kipumulio cha ekseli (kitundu cha kupitishia hewa). Kikiziba, difu likipata moto hewa husukuma oili kwenye sili, hata mpya.

6. Inua kwa jeki, weka stendi, tikisa tairi juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za kingpini (pini za juu na chini ya boli, tairi linapokatia kona), na hapo sili ya nje haitadumu.

7. Kurudisha shafti baada ya kubadili sili. Hapa ndipo sili mpya zinapokufa. Meno ya shafti hupita katikati ya sili ya ndani. Shafti ikilalia mdomo wa sili, meno yanauchana, na hutojua mpaka urojo urudi. Paka mdomo grisi. Beba shafti kwa mikono miwili, mwenzako amulike tochi, zungusha taratibu mpaka meno yaingie kwenye gia. USIGONGE NYUNDO. Kabla ya hapo pitisha ukucha pale sili inaposugua: ukinasa kwenye mfereji, badili shafti.

MASWALI

Kijana wa Paje: Yangu inavuja, tatizo nini?
— Gari gani? Waya umetoka vipi? Rudi hatua ya 3.

Dereva Shamba: Fundi kaniambia niongeze grisi tu, mbona unatutia gharama?
— Grisi juu ya oili huwa urojo mwingi zaidi. Gharama ni difu kukauka.

Bi Wete: Samahani kaka, vyote si vilainishi? Vikichanganyika kuna ubaya gani?
— Swali zuri, dada yangu. Oili huiosha grisi kutoka beringi ya kingpini ya juu, kisha hufika kwenye habu (kitovu cha tairi) na kuziosha beringi za tairi. Ikivuka hapo inalowesha diski, na breki inavuta upande mmoja. Wakati huohuo difu linapungukiwa.

Mvuvi Nungwi: Sisi tunavuta boti maji yakipwa, sili hazimalizi mwaka.
— Chumvi hutoboa boli vishimo, vishimo vinakata sili. Suuza kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo, kutu isugue kwa msasa laini, namba 400, paka grisi.

Bi Wete: Na kipumulio?
— Kiunge mpira mrefu mpaka ndani ya boneti. Ekseli yenye moto ikigusa bahari hunyonya maji kupitia hapo.