Wakimbizi wa Kongo kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wametua kanisani kwenu Marekani? Anzia hapa

Yani kama wewe ndo Mswahili pekee kwenye kanisa la Wazungu halafu Jumapili moja familia ya Wakongo ikatokea mlangoni, jua umeshakuwa mkalimani upende usipende, kwaiyo jipange.

Cha kwanza usafiri. Watu wanakimbilia mabango ya karibuni, mi nakwambia anza na gari. Zile siku za mwanzo shirika lililowapokea linahangaika na nyumba, shule na makaratasi, ila Jumapili asubuhi hakuna wa kuwabeba, na familia ya watu 9 haiingii kwenye gari moja dogo. Tafuta madereva wawili, viti vya watoto, wapeane zamu.

Halafu saa. Hapa nilichemsha mwenyewe, mchungaji kanambia ibada ni kumi, kumi ya Kizungu, mi nikatuma meseji haraka haraka "saa kumi", basi mama wa watu kavaa kitenge chake, kawapanga watoto nje ya apatimenti saa 10 jioni wanasubiri lifti na kanisa lilishafungwa tangu mchana. Siku hizi naandika "saa 4 asubuhi" na picha ya saa juu.

Majina nayo. Baba ana lake, mama lake, kila mtoto na lake, hamna jina moja la familia kama Wazungu walivyozoea, sasa ile kompyuta ya kusajili watoto wa Sande skuli inagoma na dada wa mlangoni anaanza kuuliza hawa ni wa nani. Mwambie mapema awaweke wote chini ya namba ya simu ya mama. Pia utakuta nyumba nzima imezaliwa 1 Januari, ni kwamba wakati wa kuandikishwa tarehe kamili haikujulikana ikawekwa hiyo, basi msifanye utani.

Lugha sasa. Usidhani kila mtu Kiswahili kinapanda, bibi anaweza kuwa na Kibembe au Kifuliru tu. Na Kiswahili chao usikisahihishe, wao wanasema sombe wewe unasema kisamvu, majani ni yaleyale. Ila kitu kimoja nakataa kabisa, kumgeuza mtoto wa miaka 11 mkalimani wa madeni na magonjwa ya wazazi wake. Kaa wewe. Mfano barua ya deni la tiketi za ndege, ule mkopo usio na riba kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, mtu akiipata anaweza kudhani ni matapeli, msomee taratibu.

Sasa penyewe ni hapa. Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, ipo tangu 1996, kuna watu wamezaliwa humo wakaoa humo, na humohumo walikuwa wazee wa kanisa, wainjilisti, walimu wa kwaya. Wakifika huku wanageuka watu wa kugawiwa makoti tu. Makoti wape, baridi ni kali, lakini uliza pia: kule kambini ulikuwa unatumika wapi? Akisema kwaya, mtafutie Jumapili ya kawaida, sio ile siku moja ya mataifa ya kupigana picha na vitenge, na umwambie kabisa mpiga kinanda kuwa wimbo hautaisha kwa dakika 3 na sadaka itapelekwa mbele kwa kucheza. Kwenye kikao cha wazee napo mmoja wao aingie, na mkalimani wake.

Wakiomba ibada ya Kiswahili mchana kuna Wazungu watanuna eti wanajitenga. Waeleze tu kwamba mtu akiwa na uchungu anaomba kwa lugha aliyozaliwa nayo. Ila isiwe ya wapangaji, bajeti iwe moja, na ufunguo wa ukumbi wapewe. Watakwambia habari za bima, komaa. Na ufunguo wa jikoni pia wapewe, maana sombe haipikwi kwenye maikrowevu.