Namna ya Kuadhimisha Halloween Nyumbani Mombasa

Kabla hujanunua boga wala kutafuta vazi, zungumza na wazee wa nyumba. Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya Wakristo, na nyuma yake ipo Samhain, sherehe ya kale ya Wakelti (watu wa kale wa Ayalandi na Uingereza) iliyofunga msimu wa mavuno na kufungua majira ya baridi, wakati ambapo watu waliamini kwamba mizimu hupita karibu na walio hai. Kwa sababu ya asili hiyo, ziko familia za Kiislamu na za Kikristo hapa Mombasa ambazo hazitaki hata kuisikia, nami sina nia ya kuzibishia. Nyumbani kwetu nyanya alikubali kwa masharti mawili: pasiwe na mzaha wa majini, na asivishwe mtoto yeyote kitu kinachofanana na sanda.

Nilidhani masharti hayo yangeiua shughuli, kumbe ndiyo yaliyoipa sura. Kwa mtu wa Pwani jini si kikaragosi, na shuka jeupe lililotobolewa macho, ambalo kwa Wamarekani ni kichekesho cha mtoto, hapa laweza kumuumiza mgeni aliyetoka kuzika wiki hiyo. Badala yake tunaye zimwi, ambaye ni mali ya hadithi tangu hapo, ana tamaa, hudanganyika kwa urahisi na daima hushindwa na mtoto mwerevu. Mfanye yeye awe mwenye sherehe.

Taa ya kuchongwa ndiyo kazi inayowapendeza watoto zaidi, kwa hiyo itengee muda. Kwa asili haikuwa ya boga: Ayalandi walichonga tanipu, mboga ya mzizi, na wahamiaji wao walipofika Marekani wakakuta boga, lililo kubwa na rahisi kukombwa, wakalishika hilo. Nawe una haki ile ile ya kutumia kilicho karibu. Ukienda Marikiti au Kongowea, chagua boga lenye kitako bapa ili lisibingirike. Kata kifuniko juu kwa kisu kilicholazwa mshazari, kwa sababu ukikata wima kifuniko kitatumbukia ndani. Kisha komba mbegu na nyama kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta ubaki na unene wa kama sentimita 2. Chora uso kwa kalamu kabla ya kukata, na upendelee pembetatu kuliko duara, kwa kuwa ganda la boga letu ni gumu na kisu huteleza kwenye mviringo. Kukata ni kazi ya mtu mzima; mtoto achore na kukomba. Ikiwa watoto ni wadogo, mimi hupendelea tikiti maji, kwani ganda lake hukatika bila kupigana nalo, na mwanga ukipita kwenye wekundu uliobaki ndani hutisha kuliko boga lolote.

Chonga siku hiyo hiyo, au jioni iliyotangulia na si mapema zaidi. Mwaka wa kwanza nilichonga siku tatu kabla, na kwa joto na unyevu wa vuli uso ulikunjamana, ukaota ukungu na kujaa sisimizi kabla ya sherehe kuanza. Ndani weka tochi ndogo au taa ya betri badala ya mshumaa, kwa maana usiku huo nyumba huwa na leso na mapazia yanayoburutwa na watoto wasiotazama wanakopita. Nyama uliyoikomba usiitupe: ipike kwa tui jepesi, iliki na sukari hadi ilainike, halafu umalizie kwa tui zito kwa moto mdogo. Mbegu zioshe, zianike na uzikaange kwa chumvi.

Kuhusu mavazi, gharama si lazima. Leso kuukuu, masizi ya sufuria, makuti machache na barakoa ya boksi hutosha kumtengeneza zimwi wa kuaminika. Mabuyu mekundu yanayouzwa kila kona hutia rangi midomo na vidole kiasi kwamba mtoto aliyeyanyonya hana haja ya damu ya bandia, ingawa kanzu ya Ijumaa iwekwe mbali naye. Buibui la mama lisitumiwe kama vazi la kutisha, kwani ni nguo ya heshima. Buibui yule wa miguu minane, kwa upande wake, anakaribishwa: kata umbo lake kwenye karatasi nyeusi na ulining'inize mlangoni.

Jua la mwisho wa Oktoba huchwa hapa dakika chache baada ya saa 12 jioni, kwa hiyo giza hupatikana mapema na watoto hawahitaji kukesha. Anza baada ya sala ya magharibi, sauti iwe ya chini, na mpumzike inapoadhiniwa isha.

Desturi ya kuzunguka milango ya majirani kuomba pipi siipendekezi, kwa sababu ya giza na bodaboda, na pia kwa sababu jirani asiyeijua sherehe hii atashangaa kuombwa. Igizeni ndani ya nyumba. Kila mlango wa chumba usimamiwe na mtu mzima mwenye sahani ya kashata, visheti au pipi, na mtoto abishe hodi. Badala ya kutishiana, aliye ndani aseme "Kitendawili!" na mtoto ajibu "Tega!" Chagua vinavyofaa usiku, kama "Kila niendapo ananifuata", ambacho jibu lake ni kivuli. Akishindwa, ampe mtegaji mji, naye ateuliwe mji mzuri. Nyanya wetu hukubali Lamu tu. Kashata apewe hata hivyo, maana machozi ya mtoto wa miaka minne huharibu usiku mzima.

Mchezo mmoja wa Uingereza na Ayalandi ni kuuma tofaa linaloning'inia kwenye uzi, mikono ikiwa nyuma. Mahamri hufaa zaidi: ni mepesi, na yakianguka hayamvunji mtu jino.

Mwisho zima taa zote isipokuwa ile ya boga, kaeni mkekani, na mzee kuliko wote aite "Paukwa!" nanyi mwitikie "Pakawa!" Hadithi iwe moja na isizidi nusu saa, na zimwi ashindwe waziwazi, si kwa kudokezwa. Msimulizi asimguse mtoto ghafla gizani. Sauti yake inatosha. Baada ya hapo washa taa, mtoto mdogo aivue barakoa ya zimwi kwa mkono wake mwenyewe, aione kwamba ni boksi na gundi, na mlango wa chumba chake uachwe wazi mpaka asinzie.